SOMO: KARATASI YA AKILI INAPIMA NINI?



Mtu akiomba kazi kiwandani, au kibarua wa chai akitaka kuwa fundi wa mashine, mara nyingine hukalishwa mezani na kupewa karatasi ya maumbo, namba na maneno, huku saa inahesabu. Akipata alama chache huambiwa hana akili ya kutosha. Tunao wenzetu wanaojua kwa harufu tu kwamba majani yameungua kwenye kikaushio, lakini karatasi hiyo ikawaangusha, nao wakarudi nyumbani wakiliamini neno waliloambiwa. Huko kuamini ndiko kubaya zaidi.

Mtaalamu mmoja wa saikolojia, Mmarekani Robert Sternberg, anaijua hali hiyo. Alipokuwa shule ya msingi alishindwa mitihani ya akili kwa sababu ya hofu. Akiwa darasa la sita alipelekwa kufanya mtihani pamoja na watoto wa darasa la tano. Hofu ikamtoka, akafanya vizuri. Mtoto ni yule yule! Baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Yale, akaichunguza mitihani hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 2001 yeye na wenzake, akiwemo Profesa Okatcha wa Kenya, walitoa uchunguzi uliofanyika Usenge, kijiji cha Wajaluo kando ya Ziwa Victoria. Watoto walikuwa 85, wa miaka 12 hadi 15. Huko malaria na minyoo ni mambo ya kila siku, hivyo watoto wanazijua dawa za miti: ipi ya tumbo, ipi ya homa, na kiasi cha kunywa. Waliulizwa hayo, kisha wakapewa pia mitihani ya maneno ya kishule. Kwa jumla, waliozijua dawa zaidi ndio waliopata alama chache za maneno.

Tusielewe vibaya. Dawa hazipunguzi akili, wala shule si adui. Kila mtoto alikuwa amejifunza kile ambacho watu wa nyumbani kwao waliona kitamfaa, na karatasi iliuliza upande mmoja tu. Hata sisi tukisema ubwenge kwa Kinyarwanda, hatusemi habari ya darasani peke yake.

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Kongo ya Wabelgiji, Mfaransa André Ombredane na wenzake waliwapa Wakongo mtihani ule ule wa maumbo mara kwa mara. Matokeo yalitolewa mwaka 1956: alama zilipanda. Je, waliongezewa ubongo? Waliizoea karatasi.

Hatukatai kupimwa. Fundi wa umeme asiyejua umeme ataua watu. Lakini mwajiri akileta mtihani, mwulizeni unahusu kazi gani hasa. Ombeni mazoezi kabla ya siku yenyewe, maelezo kwa Kinyarwanda au Kiswahili, na jaribio la vitendo penye mashine, mbele ya kapita na mjumbe wa wafanyakazi. Aliyeanguka aandikiwe kwamba alishindwa karatasi fulani, tarehe fulani. Neno "akili" lisiingie katika faili lake, na mjumbe apewe nakala.