Sheria ya Tumbaku: Inakwama Wapi, na Lushoto Ifanye Nini?

Sheria inasemaje?
Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Pia inazuia uvutaji katika maeneo ya umma, isipokuwa sehemu zilizotengwa. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima, takriban milioni 2.6, wanatumia tumbaku.

Kwa nini utekelezaji wake ni wa polepole?
*Mapato.* Tumbaku huingiza fedha za kigeni, na wakulima wa Tabora, Kahama na Chunya huitegemea. Serikali inayotakiwa kupunguza uvutaji ndiyo yenye Bodi ya Tumbaku ya kusimamia zao hilo. Hata ushuru umekuwa ukiyapendelea mashamba ya nchini: sigara zenye tumbaku ya nchini zaidi ya asilimia 75 zimekuwa zikitozwa kidogo kuliko nyingine.

*Usimamizi.* Afisa afya wa kata ana vyoo, maji na kipindupindu vya kushughulikia. Dukani nako sigara huuzwa moja moja, hivyo mnunuzi haoni hata onyo lililoandikwa kwenye pakiti.

Lushoto je?
Miaka ya 1880 Wajerumani walijaribu kulima tumbaku Lewa, chini ya milima ya Usambara, lakini kilimo hicho hakikudumu. Leo tunaishi kwa kabichi, karoti, viazi, matunda na chai. Hasara ya tumbaku tunaipata, mapato yake hatuyaoni. Kwa hiyo hatuna sababu ya kusita.

Tufanye nini?
- Mzazi, usimtume mtoto sigara wala ugoro.
- Mwenye duka, ukiona umri una shaka, usiuze.
- Dereva na kondakta wa magari ya Mombo–Lushoto, msiruhusu sigara ndani ya gari.
- Mtumiaji wa ugoro, usidanganyike kwa kuwa hauna moshi: una nikotini na unaweza kuleta saratani.
- Unayetaka kuacha, mweleze mhudumu wa zahanati.

Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Gulio, shule na stendi zisizo na moshi zinaweza kuanzia hapo. Mwombe mwenyekiti wako aiweke ajenda hiyo kwenye mkutano ujao, nawe uhudhurie.