Mji Uliopakwa Rangi ya Majivu

Katikati ya inchi ya Ufaransa kuna mji mdogo, jina lake Sainte-Sévère-sur-Indre. Watu wake hawafiki elfu moja. Kuna kiwanja cha soko, na pale kiwanjani banda la zamani lenye paa kubwa. Pande zote ni mashamba.

Mwaka 1943, wakati wa vita, mchekeshaji mmoja, Jacques Tati, alikimbilia pande zile kujificha. Vita ilipokwisha, hakusahau watu wa kule. Mwaka 1947 alirudi na mashini za kupiga sinema, akawaomba watu wenyewe wa mji wacheze pamoja naye.

Sinema ile inaitwa Jour de fête, maana yake Siku ya Sikukuu. Habari yake ni hii. Wageni wanafika mjini na farasi zao za mbao zinazozunguka. Ndani ya hema wanaonyesha namna posta ya Marekani inavyopeleka barua upesi-upesi. François, mpeleka barua wa mji, anataka kuwashinda Wamarekani. Anapanda kinga na kukimbia kama mwenye wazimu. Anashika gari kubwa kwa nyuma, na huku linakwenda, anapiga mihuri barua zake juu yake kama juu ya meza! Mwisho anaanguka mtoni pamoja na kinga. François huyo ni Tati mwenyewe.

Zamani zile sinema nyingi za Ufaransa zilikuwa na nyeusi na nyeupe tu. Tati alitaka rangi zote. Akafanya shauri: kwanza mji uwe kama majivu, kiisha farasi za mbao zifike, kusudi rangi ziingie mjini pamoja na sikukuu. Basi milango ya nyumba ikapakwa rangi ya majivu, na watu wakavaa nguo nyeusi-nyeusi. Fikirini, watoto: mgeni anakuja kuharibu uzuri wa mlango wenu, na baba anakubali!

Tati alitumia mashini mbili, moja ya rangi, na nyingine ya nyeusi na nyeupe, kama akiba. Akiba ile ilimwokoa. Kampuni ya filimu za rangi haikuweza kutoa picha. Mwaka 1949 sinema ikaonyeshwa bila rangi. Watu walicheka sana, lakini ile kazi ya milango hakuna aliyeiona. Mwaka 1964 Tati alijaribu tena: vitu vichache katika picha vilitiwa rangi kwa mkono. Alikufa mwaka 1982.

Filimu za rangi hazikutupwa. Binti yake, Sophie Tatischeff (Tati ni kifupi cha jina hilo), alizishughulikia pamoja na fundi François Ede, na mwaka 1995 rangi zikaonekana. Wazee wengi wa mji walikuwa wamekwisha kufa. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati farasi za mbao zilipofika, sasa alikuwa na miaka 56.

Maulizo
1. Kwa nini Tati alitaka milango ipakwe rangi ya majivu?
2. Mashini ya pili ilimsaidia namna gani?
3. Tangu mwaka 1947 mpaka rangi kuonekana, ilipita miaka mingapi?
4. Mlango wa nyumba yenu una rangi gani?