Siku ya Mshahara: Someni Hati Pamoja

Leo tuzungumze juu ya siku moja ya mwezi ambayo yaweza kujenga nyumba au kuibomoa, yaani siku ya mshahara. Wengi hudhani ugomvi wa pesa huletwa na mshahara mdogo. Mara nyingi sivyo. Ziko nyumba za mshahara mdogo zenye amani, na za mshahara mkubwa ambamo watu hulala wamenuniana. Ugomvi huanza pale mmoja asipojua mwenzake amepokea nini na pesa zimekwenda wapi.

Tuchukue mfano. Mke anajua mumewe analipwa shilingi 24,000. Mwisho wa mwezi anakabidhiwa 12,000. Papo hapo anawaza: ni pombe, au kuna mwanamke mwingine. Akiuliza, mume anafoka, "Kwani wewe ni karani wa ofisi yetu?" Kumbe sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwenye hati ya mshahara.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati inayoonyesha mshahara wote, makato na kiasi kinachobaki. (Vibarua hawamo katika sharti hili.) Katika ile 24,000, bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani 660. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 360. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,440. Zinabaki 21,540. Akiwa na mkopo wa SACCO wa 6,000 kwa mwezi, anapokea 15,540. Basi mke aliyeshuku ameibiwa 12,000 anaona kwamba 8,460 hazikufika hata mkononi mwa mumewe. Na mume naye ana 3,540 za kueleza.

Sheria hiyo pia husema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Kwa 24,000, mfanyakazi asipokee chini ya 8,000. Mkiona hati imevuka kiwango hicho, mume au mke aliyeajiriwa aende akaulize ofisini.

Tena, mwajiri hakubaliwi kulipa mshahara mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi hapo. Waliotunga sheria walijua kwamba saa ya kwanza baada ya malipo ndiyo ya hatari. Lakini siku hizi mshahara wa wengi huingia benki au kwenye simu, na simu huingia baa pamoja na mwenyewe. Ulinzi wa saa ile sasa uko mikononi mwenu wawili.

Kwa hivyo, fanyeni haya:

1. Pangeni kabla ya kulipwa. Siku mbili tatu mapema, andikeni kodi ya nyumba, chakula, karo, deni la dukani, msaada kwa wazazi, na akiba hata kama ni kidogo. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Jioni ya malipo, someni hati pamoja. Mke akiwa ameajiriwa, naye atoe yake. Haifai cha mume kiwe cha wote na cha mke kiwe chake peke yake.

3. Tajeni madeni yasiyo kwenye hati. Aliyekopa kwa Fuliza ajue pesa zikiingia M-Pesa deni hukatwa kwanza. Mwenzako akilijua mapema, hatashangaa.

4. Kila mmoja abaki na kiasi mlichokubaliana, asichoulizwa. Mtu mzima kuomba nauli kila asubuhi ni kumfanya mtoto.

5. Wanaolipwa kila siku wachague jioni moja ya juma, waketi na daftari.

Ukweli wa mara ya kwanza waweza kuuma, hasa deni lililofichwa likijitokeza. Usiyehusika, sikiliza mpaka mwisho kabla ya kulaumu. Ukimpigia kelele leo, mwezi ujao hati hutaiona.

Maswali ya kujadili ninyi wawili:
Je, unajua mwenzako hubaki na kiasi gani baada ya makato?
Kuna deni gani ambalo hujalitaja bado?
Mwezi huu mtaketi siku gani?