Thamani ya Land Rover Kuukuu

SWALI: Jirani yangu hapa Tanga ataka kuniuzia Land Rover ya mwaka 1955, ambayo haijapata kufanyiwa ukarabati, kwa bei iliyo karibu sawa na ya gari lililokamilika. Je, ni haki?

JIBU: La. Wala usihadaike na bodi yake, kwani ni ya alumini, isiyoliwa na kutu, hata ikapendeza machoni ilhali fremu ya chuma iliyo chini yake, kwa kuzoea chumvi ya pwani, imekwisha kuoza. Basi lala chini, uigonge kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho, na kila pasipolia kama chuma kizima, hapo bei na ishuke. Nambari ya fremu ikihitilafiana na iliyomo katika kadi, hununui gari bali daawa. Injini isikutie hofu sana, kwani hutengenezeka. Kisha chukua thamani ya gari kama hilo lililotengenezwa vyema, utoe gharama za vipuri na ujira wa fundi, utoe na akiba juu yake, maana makadirio ya mafundi, nami nimeyaonja, aghalabu hayatoshi. Kitakachosalia ndicho stahili ya jirani yako. Akikataa, mwachie gari lake.