Pomboo Chini ya Uangalizi wa Mwanadamu: Lini Ni Ulinzi, Lini Ni Kifungo?

Katika somo hili tunajiuliza swali ambalo pengine halijasikika sana katika jumuiya zetu: je, ni halali kumtoa pomboo katika maji aliyozaliwa na kumtunza ndani ya bwawa au uzio? Wapo wanaojibu kwamba hapo ndipo atakuwa salama. Wapo wanaosema ni kifungo tu. Sisi tutatazama kwanza mambo yaliyotokea, kisha mafundisho ya Kanisa, na mwisho tutarudi kwenye pwani yetu.

1. Kiumbe wa namna gani?

Pomboo si samaki. Anapumua kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha. Mimba yake huchukua takriban mwaka mmoja, naye huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida. Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, akinaswa na wavu chini ya maji asiweze kupanda juu kuvuta pumzi, hufa maji kama mtu. Pili, wakifa wengi kwa mwaka, kizazi chao hakiwezi kuwahi kujaza pengo.

2. Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa China. Katika mto Yangtze aliishi pomboo wa maji baridi aitwaye baiji. Mwaka 1980 wavuvi walimpata dume mmoja akiwa na majeraha ya ndoana. Alipelekwa mji wa Wuhan, akatibiwa, akapewa jina la Qi Qi. Aliishi huko miaka 22. Mwaka 1986 aliletewa jike mchanga, lakini huyo alikufa mwaka 1988 bila kuzaa. Qi Qi alibaki peke yake hadi kifo chake mwaka 2002. Mwishoni mwa mwaka 2006 wanasayansi walipita mto huo kwa majuma sita wakimtafuta baiji, wasimwone hata mmoja. Watunzaji wa Qi Qi hawakukosa upendo. Tatizo ni kwamba huko nje mto uliendelea kujaa meli, ndoana na uchafu.

Mfano wa pili ni wa Meksiko. Sehemu ya juu ya Ghuba ya California ndiyo makao pekee ya vakita, jamaa mdogo wa pomboo mwenye urefu wa kama mita 1.5. Hakuna anayemwinda. Hunaswa katika majarife yanayotegwa kwa ajili ya samaki aitwaye totoaba, ambaye bondo lake huuzwa China kwa fedha nyingi. Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa wanajua vizuri biashara ya mabondo ya sangara, hivyo hawatashangaa kusikia kwamba watu huhatarisha maisha kwa ajili yake.

Mwaka 1997 vakita walikadiriwa kuwa 567. Kufikia mwaka 2016 walibaki kama 30. Ndipo mwaka 2017 wataalamu walipojaribu kuwakamata waliosalia na kuwahifadhi katika uzio wa baharini, wakisaidiwa kuwatafuta na pomboo waliofunzwa na Jeshi la Majini la Marekani. Mtoto wa kwanza aliyekamatwa alionyesha hofu kubwa, akarudishwa baharini. Jike mzima aliyekamatwa mwezi Novemba alizidiwa. Walijaribu kumwachilia, lakini moyo wake ulisimama, akafa mikononi mwa madaktari waliohangaika kumwokoa kwa saa kadhaa. Kazi ikasitishwa. Hesabu za miaka ya karibuni zinataja vakita wapatao 10 au pungufu.

Mfano wa tatu unarudi mto uleule wa Yangtze. Humo yumo jamaa mwingine mdogo wa pomboo, asiye na pezi la mgongoni. Mwaka 1990, wakati bado wapo wengi, wachache walihamishiwa Tian-e-Zhou, sehemu ya zamani ya mto iliyojitenga ikawa kama ziwa. Huko hula samaki wa asili na kuzaana, na idadi yao imepita 60. Mwaka 2005 mmoja alizaliwa katika bwawa la Wuhan, kutokana na ujuzi uliokusanywa kwa miaka mingi. Tena, kuanzia mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uvuvi katika mto kwa miaka 10. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuwa 1,012. Ya mwaka 2022 ikawa 1,249.

Tunajifunza nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Uangalizi wa mwanadamu ulisaidia pale ulipoanza mapema, ukawapa wanyama nafasi ya kuishi kwa asili yao, na ukaenda pamoja na kutengeneza makao yao. Ulipokuja mwishoni, wavu ukiwa bado majini, haukufaa.

3. Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inaweka mizani. Wanyama ni viumbe wa Mungu, na tunawiwa kuwatendea kwa wema. Mwanadamu anaruhusiwa kuwatumia kwa chakula na kwa kazi. Hata hivyo, kuwatesa au kuwaua bila sababu ya haki kunapingana na hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Papo hapo tunaonywa tusiwatumilie fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu.

Kwa mizani hiyo, kumtibu pomboo aliyejeruhiwa, au kuhifadhi kizazi kinachokwisha, ni tendo la utunzaji. Kumkamata aliye mzima ili acheze mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio ni jambo jingine, nasi hatuoni sababu inayotosha kulihalalisha.

Onyo kuhusu taabu za watu nalo tusiliruke. Meksiko ilipozuia majarife mwaka 2015 iliahidi fidia, lakini palikuwa na malalamiko kwamba haikuwafikia wavuvi wengi wa kawaida. Mtu mwenye njaa atarudi usiku na wavu wake. Anayetaka kumwokoa pomboo aanze kuuliza watoto wa mvuvi watakula nini.

4. Na kwetu?

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwahi kuvuliwa ili wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 watalii wanakuja kuwatazama, na pomboo aliye hai amekuwa riziki ya kijiji. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, boti nyingi zikiwafukuza na watu kuwarukia majini, wanakosa muda wa kupumzika na kunyonyesha. Kumbe mtu anaweza kuwasumbua hata bila kuwafungia bwawani. Na majarife bado yanawanasa.

Mwanzo sura ya 2 inaonyesha mwanadamu akiwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kwa mvuvi, bustani hiyo ni bahari: avune, na aitunze. Nasi tunaojiandaa kwa upadre, huenda siku moja tukatumwa parokia ya pwani. Tusifike huko na lawama tu. Tukae na wavuvi, tusikilize, ndipo tufundishe.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini uangalizi uliofaa Tian-e-Zhou haukufaa kwa vakita?
2. Parokia inawezaje kumsaidia mvuvi anayetaka kuacha nyavu haramu lakini hana riziki nyingine?
3. Katika mazingira yako, ni kiumbe gani au chanzo gani cha maji ambacho bado kuna muda wa kukiokoa?