SOMO LA BIBLIA: KISU CHA MFALME (Yeremia 36)

Fungueni Biblia katika kitabu cha Yeremia, sura ya 36, na muisome yote mbele ya kufuata somo hili.

1. HABARI YENYEWE

Ilikuwa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, ni kusema karibu mwaka 605 mbele ya Kristo. Yeremia alikuwa amekwisha kuhubiri miaka 23, na watu hawakutaka kusikia. Sasa Mungu alimwambia aandike maneno yote katika kitabu. Yeremia alisema, Baruku aliandika kwa wino. Kwa kuwa Yeremia alikuwa amekatazwa kuingia nyumba ya Mungu, mwaka uliofuata, siku ya kufunga, Baruku alikwenda kusoma pahali pake.

Siku ile kitabu kilisomwa mara tatu: mbele ya watu, mbele ya wakubwa, na mbele ya mfalme. Wakubwa waliogopa, wakamwambia Baruku ajifiche pamoja na Yeremia. Lakini mfalme alikuwa anaota moto, sababu ilikuwa majira ya baridi. Kila mara Yehudi aliposoma kurasa tatu ao nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka kitabu kikaisha. Wakubwa watatu walimsihi asichome, hakuwasikia.

2. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza: Yosia, baba ya mfalme huyu, yeye pia alisomewa kitabu cha Mungu (2 Wafalme 22). Baba alipasua nguo zake. Mtoto alikata kitabu. Basi kama watu wanakataa, tusiseme upesi kwamba neno ndilo baya.

Pili: Yeremia hakupunguza kitu. Maneno yote yaliandikwa tena, na mengine mengi yakaongezwa. Lakini haikuwa kwa kutukana. Tazama mstari wa 3: pengine watasikia, wataacha njia mbaya, na Mungu atawasamehe. Mwenye kusema kweli bila kutamani mwenzake apone, huyo hajamfuata Yeremia.

Tatu: Yeremia alijificha. Kujificha haiko kukana. Neno lake halikugeuka.

3. NA SISI?

Mbele ya mitihani ya trimestri ya kwanza, sisi wasimamizi wa wanafunzi tulibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kulia: kukopia ni kuiba. Asubuhi tuliikuta chini, vipande vipande. Tulikasirika sana. Wamoja kati yetu walisema: tuache, tuko mwaka wa mwisho, tutoke salama. Wengine walitaka kuandika majina ya watu wazi. Hapo mdogo mmoja wa darasa la chini alituuliza: « Na ninyi, mwaka jana hamukukopia? »

Tulinyamaza. Ilikuwa kweli. Mmoja wetu alipitisha majibu ya kemia, na sisi wengine tulijua tukafunika. Basi kisu kile kilikuwa mkononi mwetu. Tulikuwa tunasoma Neno na kukata pahali panapotugusa.

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu, tukasema yote, na azabu tuliipata. Kisha tuliandika karatasi tena. Maneno yalikuwa yale yale, tukaongeza mstari mmoja: hata sisi tulifanya vile, na tumeungama. Ilikaa siku mbili, ikapasuliwa nayo. Lakini mbele ya kupasuliwa, wawili walikuja usiku kuongea nasi. Tutaandika ya tatu.

4. MWISHO

Haikupita miaka 20, Yerusalemu wenyewe ulichomwa moto na Wababeli. Lakini kitabu kile mfalme alichotupa motoni, leo tuko nacho mkononi. Wandugu, tukikataliwa tusipunguze neno, wala tusimchukie anayelikataa. Na tulisikie sisi kwanza.

MAULIZO YA KUJADILI

a) Ni neno gani la Mungu ninalolikata mimi mwenyewe?
b) Wakubwa watatu walimsihi mfalme, hawakushinda. Je, kazi yao ilikuwa ya bure?
c) Namna gani tunaweza kumwambia rafiki kweli bila kumpa haya mbele ya watu?

Mungu atusaidie sisi wote.

Wasimamizi wa wanafunzi