SOMO LA MWEZI: MBEGU YENYE KUSTAHIMILI UKUNGU

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tumeshuhudia mkarafuu mkubwa, wenye majani mabichi, ukinyauka wote katika siku chache. Watalamu waliochunguza maradhi haya katika visiwa vyetu miaka ya 1950 walieleza kuwa chanzo chake ni ukungu. Mwenye shamba akipatwa na msiba huo huuliza: nipande mbegu gani mahali pake? Basi leo tutaeleza jinsi mbegu yenye kustahimili ukungu inavyopatikana, na mfano tunauchukua kwa wakulima wa kahawa wa Kenya.

Huko maradhi ya chulebuni yalionekana mwaka 1922. Ni ukungu unaoshika matunda mabichi ya kahawa, yakageuka meusi na kuoza. Wakulima walipiga dawa ya mrututu mara nyingi kwa mwaka, na gharama ikala faida. Mwaka 1971 watalamu wa kahawa wa Ruiru walianza kazi ya kupata mbegu mpya. Njia yao ilikuwa hii:

1. Kutafuta mzazi mwenye kinga. Mmoja wao ni Rume Sudan, kahawa ya uwanda wa Boma, Sudan Kusini. Hustahimili ukungu, lakini huzaa haba.

2. Kumchanganya na mzazi mwenye mazao mema, kama SL 28. Unga wa ua la mti mmoja hutiwa kwa mkono katika ua la mwingine.

3. Kuwajaribu watoto. Miche michanga hutiwa maji yenye vijimbegu vya ukungu ule ule. Inayougua hutupwa, inayosalimika hupandwa.

4. Kurudia kazi hiyo kizazi baada ya kizazi.

Mbegu iitwayo Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, yaani baada ya miaka 14.

Fundisho kubwa kwetu limo katika hatua ya tatu. Mkarafuu uliobaki mzima kati ya iliyokufa si lazima uwe na kinga. Pengine maradhi hayajaufikia. Basi mtu akikuuzia miche na kuapa kuwa haifi, muulize: imejaribiwa wapi? Mkarafuu hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa, na kosa la leo watalilipa watoto wetu.

Hata hivyo mti huo tusiupuuze. Tuutie alama, tuandike umri na mazao yake, tumwonyeshe Bwana Shamba. Mbegu zake zipandwe upesi, kwani mbegu ya karafuu haiwekeki. Wala tusichukue mbegu zote kwa mama mmoja, kwa sababu ukungu utakaomshinda mmoja huenda ukawashinda ndugu zake wote.

Kazi hii ni ndefu, lakini subira ni ufunguo wa faraja. Mwenye mti wa namna hiyo na alete khabari zake katika ofisi ya Chama.

Wassalaam,
Katibu